Walipocheza cha-cha Bruxelles



Kunapokuwa mkutano mkubwa kule Karavia, sisi wakaaji wa Golf tunajua mbele hata redio haijatangaza. Magari meusi yenye vioo vya giza yanapita moja nyuma ya lingine, polisi wanasimama kwenye kona ambapo siku zingine hakuna mtu, na bei ya teksi inapanda. Mchana wageni wanazungumza juu ya madini, mazingira, afya ya mama na mtoto. Saa moja ya jioni wanatoka na vibandiko vya majina bado shingoni, na swali la kwanza wanalouliza dereva ni lile lile: hapa Lubumbashi watu wanachezea wapi?

Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Mtu aliyetoka mbali, akakaa siku nzima kwenye kiti akisikiliza hotuba, ana haki ya kusikia gitaa na kunywa Simba baridi. Lakini kuna mama mmoja anayekaa kwenye lupango la nyuma yetu, aliyekimbia vita Uvira na watoto wake, akapita kwa maji mpaka Kalemie, akafika hapa. Jioni moja tulikuwa tunasikiliza habari za mazungumzo ya Doha. Aliuliza kama wale wakubwa, wakimaliza kuzungumza juu ya nyumba yake, wanaenda kulala ao wanaenda kucheza. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile swali lake limenikaa kichwani, na kwa kuwa ninapenda mambo ya zamani, nilikwenda kulitafutia jibu nyuma, kwenye mkutano ule ambao sisi wote tunaujua kwa wimbo.

Ni mkutano wa Table Ronde, Meza ya Duara, uliofunguliwa Bruxelles tarehe 20 mwezi wa kwanza 1960.

Kwanza tukumbuke usiku ulikuwa kitu gani kwa mtu mweusi wa hapa wakati ule. Mji ulikuwa unaitwa Élisabethville, na ulikuwa umekatwa vipande viwili. Huku mji wa Wazungu, kule cité: Kamalondo, ambayo waliiita komini Albert, kisha Kenya, Katuba, Ruashi. Katikati waliacha nafasi tupu ili watu wasichanganyike. Saa tatu ya usiku mtu mweusi hakuwa tena na ruhusa ya kuonekana mjini bila karatasi. Boi aliyechelewa kuosha sahani za bwana wake alihitaji barua ya bwana huyo ili afike kwake bila kufungwa. Pombe kali za kizungu zilikuwa marufuku kwa weusi miaka na miaka. Na huku kwetu Golf, jina lenyewe linasema: lilitoka kwenye uwanja ambapo Wazungu walikuwa wanapiga mpira wao mdogo kwa fimbo. Mweusi aliyefika huko alifika kwa kubeba mfuko wa fimbo.

Starehe ilikuwa kwenye cité, na ilikuwa nyingi. Katanga ilikuwa na wapiga gitaa wake. Jean Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa lake lilisikika mpaka Nairobi na mbali zaidi. Kulikuwa na Losta Abelo, kulikuwa na Édouard Masengo, kulikuwa na wale vijana wachekeshaji wa JECOKE kule komini Kenya. Waliimba kwa Kiswahili chetu. Lakini sheria ilikuwa inasema wazi: usiku wa mjini una wenyewe, na usiku wa cité ni ninyi huko.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mtu wa chama, karani ao muuguzi, mpakize ndani ya ndege, mpeleke Bruxelles katikati ya baridi, mvalishe koti refu, mweke hotelini ambapo Mzungu ndiye anayembebea sanduku na Mzungu ndiye anayemletea supu. Wachache walikuwa wameshaonja jambo hilo mwaka 1958, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58, ambapo Wabelgiji waliwaita Wakongo mamia kadhaa. Ziara ile ilikuwa na sura mbili. Wakongo waliona Wazungu wakifagia barabara, waliingia kwenye mikahawa bila kufukuzwa, na mtu wa Léopoldville alikutana na mtu wa Élisabethville wakalinganisha mateso yao. Upande mwingine, mafundi wa Kongo waliwekwa ndani ya kijiji cha majani nyuma ya ua, watu wakawatupia ndizi kama wanyama, mpaka wakakataa kuendelea wakarudi kwao. Wajumbe wa 1960 walifika katika mji huo huo, miaka miwili tu baadaye, na safari hii walikalishwa kwenye viti vya Palais des Congrès, uso kwa uso na mawaziri.

Kati yao walikuwemo Wakatanga wawili wakubwa. Moïse Tshombe, wa chama cha Conakat, mtoto wa mfanyabiashara tajiri, alitaka majimbo yawe na nguvu yao wenyewe. Jason Sendwe, wa Balubakat, muuguzi kwa kazi yake, alitaka Kongo moja na hakupenda Katanga ijifungie. Hapa nyumbani watu wao walikuwa tayari wanaangaliana vibaya. Kule Bruxelles walikaa upande mmoja wa meza, kwa sababu Wakongo walikuwa wamefanya jambo ambalo Wabelgiji hawakulitegemea: waliungana, wakaita umoja wao Front Commun, wakakataa kugawanywa kabla ya tarehe ya uhuru kutajwa.

Na walisema jambo lingine: bila Lumumba hatuendi mbele.

Patrice Lumumba alikuwa kifungoni. Mahakama ya Stanleyville ilimhukumu miezi sita tarehe 21 mwezi wa kwanza, juu ya vurugu za mwisho wa 1959, kisha wakamleta kwetu, kwenye gereza la Jadotville. Nawaomba mpime tarehe hizi. Tarehe 25 wanamtoa gerezani Jadotville, wanamfikisha Élisabethville, anapanda ndege. Tarehe 26 anashuka Bruxelles, anainua mikono juu, na picha yake inazunguka dunia nzima, kwa sababu kwenye mikono kuna bendeji pale pingu zilipomkata. Tarehe 27 mkutano unakubaliana: uhuru ni tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku tatu. Mtu anatoka kulala chini kwenye saruji ya Likasi, anaenda kuketi mezani na mawaziri wa Ubelgiji.

Hebu niambieni: mtu kama huyo, jioni, alale?

Hapo ndipo muziki unaingia. Thomas Kanza na watu wake walikuwa wamefikiri mapema kwamba wajumbe hawawezi kukaa mwezi mzima Ulaya wakisikiliza muziki wa wengine. Wakawaita wanamuziki kutoka Léopoldville. Joseph Kabasele, ambaye watu wanamwita Grand Kallé, alikuja na African Jazz: Nicolas Kasanda, ndiye Docteur Nico, kijana wa miaka 20 tu, na kaka yake Dechaud kwenye magitaa, Roger Izeidi, Petit Pierre kwenye ngoma. Wakaongezewa watu wawili wa OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Orkestra mbili zilizokuwa zinashindana kila Jumamosi kule Léopoldville zikawa kitu kimoja, sawa na vyama vile vilivyojiita Front Commun. Na muungano wa wanamuziki ulidumu kama ule wa wanasiasa, yaani mpaka warudi nyumbani.

Walicheza kwenye hoteli Plaza, boulevard Adolphe Max, katikati ya Bruxelles. Ni hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 1930, ambayo wakati wa vita askari wa Ujerumani waliikalia. Kwenye ukumbi huo, siku zile zile tarehe ya uhuru ilipotajwa, ndipo watu waliposikia mara ya kwanza Indépendance Cha Cha. Wote mnaijua. Hata mtoto wa Golf anayesikiliza mambo ya simu tu anaijua, kwa sababu kila tarehe 30 mwezi wa sita inapigwa kuanzia asubuhi.

Nimewaza sana juu ya usiku ule. Chumba kina joto, nje kuna baridi ya kukata masikio. Wanaume walioogopa polisi saa tatu ya usiku wanacheza mpaka karibu kuche, hakuna anayewauliza karatasi. Kisha wengine wanatoka, wanaingia kwenye klabu za usiku za mji. Kulikuwa na moja iliyojulikana, Les Anges Noirs, Malaika Weusi, mahali ambapo Waafrika na watu wa visiwa walikutana. Aliyekuwa anapiga muziki hapo ni kijana wa Kamerun mwenye saksofoni, Manu Dibango. Ni hapo alipojuana na Kabasele, na baadaye akamfuata mpaka Léopoldville akacheza naye. Dunia nzima ilimjua Dibango miaka mingi nyuma yake kwa sababu zingine, lakini mlango wake wa kuingia Kongo ulikuwa starehe ya watu wa Table Ronde.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama wa lupango la nyuma ni hili: ndiyo, walicheza. Na mimi siwanyimi. Kama kuna watu waliostahili kucheza katika historia ya nchi yetu, ni wale, usiku ule.

Lakini tusikilize wimbo wenyewe kwa utulivu. Umeimbwa kwa Lingala, na maneno machache ya lugha zingine. Sisi wa Kiswahili tuliupokea kwa miguu kwanza, maana yake ikaja baadaye. Hakuna mpiga gitaa wa Katanga aliyepelekwa kule. Bosco Mwenda alibaki huku na Kiswahili chake. Na ukihesabu majina, wimbo unataja viongozi: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Kamitatu, wengine tena. Tshombe yumo. Conakat imo. Sendwe hayumo. Mjumbe mkubwa wa Katanga ya kaskazini, aliyekaa kwenye meza ile ile, jina lake halikuimbwa. Labda halikuingia tu kwenye mahadhi. Majina marefu yanamsumbua mwimbaji. Siwezi kumshtaki Kabasele kwa hilo. Ila leo, kama tunapita karibu na Posta katikati ya mji, tunaona sanamu ya Tshombe imesimama, na kama mgonjwa wetu anazidiwa tunamkimbiza hospitali Sendwe. Mmoja amebaki kwenye wimbo na jiwe, mwingine amebaki mahali ambapo watu wanaugua na kuzaa.

Kuna jambo lingine linaloniumiza zaidi. Nico na Dechaud ni watoto wa Kasai, na Kabasele mwenyewe, ingawa alizaliwa Matadi, wazazi wake walitoka huko. Na wakati wao wanafurahisha watu Plaza, Kasai ilikuwa inaungua. Tangu mwezi wa kumi 1959 Walulua na Waluba walikuwa wanauana Luluabourg na vijiji vya karibu. Familia zilikuwa njiani na magodoro kichwani, kuelekea Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi, kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona hata kama waliambiwa ndiyo kwao. Mwezi ule ule wa kwanza 1960, wakubwa wa pande mbili waliitwa kwenye mkutano mwingine, kwenye ziwa Mukamba, kutafuta amani. Mkutano huo haukuwa na hoteli kubwa wala cha-cha. Mpatano wake haukuzuia watu kuendelea kukimbia. Ndugu mliohamishwa, mnaona: ule mwezi ambao tunaufurahia kama mwezi wa uhuru ulikuwa pia mwezi wa wakimbizi.

Table Ronde ilifungwa tarehe 20 mwezi wa pili. Wajumbe wakarudi, wengine na suti mpya, wanamuziki na sahani zao, redio ikaupiga wimbo usiku na mchana. Élisabethville pia walicheza. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Ilibaki mikutano ya hesabu: nani atakuwa na mali ya Kongo, nani atalipa madeni, hisa za serkali ndani ya makampuni zitakwenda wapi. Hiyo ndiyo Table Ronde ya pili, ya uchumi, iliyofanyika Bruxelles kuanzia tarehe 26 mwezi wa nne mpaka tarehe 16 mwezi wa tano. Wakubwa wengi wa vyama walibaki nchini kutafuta kura, wakatuma vijana na wanafunzi. Joseph Mobutu alikuwa mmoja wa waliokaa pale. Upande wa pili wa meza walikaa Wabelgiji waliozijua namba hizo tangu miaka. Hakuna Plaza, hakuna wimbo unaokumbukwa.

Na huko ndiko Katanga yetu ilipokuwa inazungumziwa! Maana mali iliyokuwa mezani ilikuwa shaba iliyo chini ya miguu yetu. Comité Spécial du Katanga, CSK, ndiyo ilikuwa inashika kura nyingi ndani ya Union Minière, na serkali ya Kongo ilipaswa kurithi nguvu hiyo. Tarehe 27 mwezi wa sita 1960, siku tatu tu kabla ya uhuru, Wabelgiji waliivunja CSK, na uwezo wa serkali mpya kuongoza Union Minière ukapita mikononi. Mtu akiniuliza ni usiku gani ningependa kuwepo, nitasema ule wa Plaza kama kila mtu. Lakini akiniuliza ni kikao gani ningependa tungekuwa macho, ni hiki cha hesabu.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Kwenye uchaguzi wa mwezi wa tano, hapa Katanga, Conakat na muungano wa Sendwe walikaribiana sana. Tshombe akawa mkubwa wa jimbo. Tarehe 11 mwezi wa saba, uhuru haujatimiza hata wiki mbili, akatangaza Katanga imejitenga. Watu wawili waliokuwa na kadi za mkutano mmoja Bruxelles wakawa vichwa vya vita viwili: kaskazini vijana wa Balubakat kwa upande mmoja, askari wa Katanga na Wazungu wao kwa upande mwingine, na vijiji vya Manono, Kabalo, Malemba-Nkulu na kwingine katikati.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, ndege ilitua Luano. Lumumba alishuka amefungwa, amepigwa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hesabuni: mwaka mmoja haujatimia tangu apande ndege kwenye mji huu huu kwenda kucheza uhuru. Walimpeleka kwenye nyumba ya Brouwez, na usiku ule ule wote watatu wakauawa porini, kule Shilatembo, kwenye barabara ya Likasi. Ile ile barabara aliyopita akitoka gerezani. Watu wa hapa waliujua usiku huo kwa minong'ono kabla ya kuujua kwa magazeti. Miaka kumi na zaidi nyuma yake, mchoraji wa hapa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya nchi kwa picha zaidi ya mia, akamweleza Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili chetu, na Lumumba ndiye moyo wa kazi ile. Kama kitabu kinapatikana, watoto waonyeshwe. Ni historia iliyosemwa kama tunavyosema kwenye lupango.

Mwaka 1961 huo huo, mwezi wa nane na wa tisa, Waluba wa hapa Élisabethville walianza kukimbia nyumba zao kwenda kujificha karibu na askari wa Umoja wa Mataifa. Kambi ikaota pembeni ya mji, makumi ya maelfu ya watu, vibanda vya mbao za sanduku, magunia na mabati. Wengine walikuwa wameishi Kenya na Katuba maisha yao yote. Wengi wao, bila shaka, walikuwa wamecheza wimbo ule mwaka uliotangulia. Walikaa humo karibu mwaka mmoja, kisha mwaka 1962 wakapelekwa Kasai na kaskazini ya Katanga. Hiyo ni kambi kubwa ya kwanza ya watu waliohamishwa katika kumbukumbu ya mji wetu, na haina wimbo wala sanamu. Sendwe mwenyewe aliuawa Albertville, Kalemie ya leo, mwezi wa sita 1964. Tshombe alifia Algeria mwaka 1969, mfungwa, mbali na kwao.

Mambo ya karibu zaidi nayapita haraka, kwa sababu wengi wenu mliyaona. Mwaka 1991 kulikuwa tena mkutano mkubwa, Conférence Nationale Souveraine, kwenye Palais du Peuple, Kinshasa, wajumbe zaidi ya 2 800. Wajumbe wetu wa Shaba walikaa kule miezi na miezi, na Kinshasa si mji wa kumwacha mtu alale mapema. Mkutano ulisema ukweli mwingi ambao haukuwahi kusemwa wazi. Sitaki ninyamaze juu ya hilo. Tarehe 15 mwezi wa nane 1992 ulimchagua Étienne Tshisekedi waziri wa kwanza mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Shaba. Wakasai wa hapa waliingia barabarani kuimba na kucheza. Hiyo ngoma wengine waliichukua kama matusi. Siasa za gavana Kyungu wa Kumwanza zilikuwa zimeshatayarisha mioyo. Mwezi wa tisa, Likasi, kisha Kolwezi, Wakasai wakafukuzwa kwenye nyumba za Gécamines, na watu wakalala mbele ya stesheni ya Likasi wiki kwa wiki, miezi kwa miezi, wakingoja treni. Watoto walikufa pale pale kwenye reli. Mkutano wa Kinshasa ulikuwa bado unaendelea. Ulifungwa tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili.

Na mwaka 2002 kulikuwa Sun City, Afrika ya Kusini. Hapa hata mimi nilicheka, ingawa haichekeshi. Kwa mazungumzo ya Wakongo juu ya vita vilivyokuwa vimeua watu wengi kuliko vita vyote vya nchi yetu, walichagua mji wa starehe uliojengwa kwa ajili ya kamari, wenye mashine za kutupia pesa, mabwawa ya kuogelea na, ndugu zangu wa kartie yetu, uwanja wa golf unaojulikana ulimwenguni. Wajumbe zaidi ya 350 walikaa huko siku zaidi ya 50, kutoka tarehe 25 mwezi wa pili. Waliondoka na mpatano nusu, serkali na MLC bila RCD-Goma. Ilibidi waende tena mpaka Pretoria, tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 2002, ndipo kila mmoja akapata kiti: raisi mmoja na makamu wanne. Upande wa Katanga, kwa watu wa Mitwaba na Pweto, vita havikusoma karatasi hiyo. Miaka iliyofuata walikimbia wanajeshi na Mai-Mai kwa pamoja.

Nilimpelekea mama majibu haya jioni ya Jumapili, pamoja na simu yenye wimbo. Nilimweleza Plaza, baridi, bendeji za Lumumba, jina la Sendwe lililokosekana. Alisikiliza mpaka mwisho. Wimbo alikuwa anaujua. Baba yake alikuwa anaucheza Uvira kila sikukuu, na shati jeupe. Aliniomba niupige mara ya pili, akaucheza kidogo, mtoto mgongoni, na majirani wakapiga makofi.

Kisha aliketi akaniuliza jambo ambalo sikulitayarisha. Alitaka kujua kama wale walioko Doha wana karatasi yenye majina ya nyumba, avenyu kwa avenyu, nani alikuwa anakaa wapi kabla ya kukimbia. Yake aliniandikisha pale pale: kartie, namba ya lupango, rangi ya mlango, mwembe nyuma ya choo. Tangu hapo wamekuja wengine saba, wa Goma, wa Fizi, wa Moba, na baba mmoja mzee ambaye nyumba yake ilikuwa Likasi. Daftari liko kwangu. Anayetaka kuandikisha yake anikute jioni, saa kumi na moja, mbele ya duka la unga karibu na kituo cha basi.